Kwa wenye ndugu waliopandikizwa figo: mlonge, habasoda, balungi na makopo ya "kuongeza kinga"

FigoMoja (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mtu wa figo moja. Nyingine anayo mdogo wangu, tumbo moja, nilimpa baada ya kumwona anakwisha kwenye mashine ya kusafisha damu. Siku hizi huduma hii ipo nchini, Muhimbili walianza Novemba 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka uliofuata. Kabla ya hapo ilikuwa India au mungu saidia. Mdogo wangu anaendelea vizuri, yuko kazini, anabishana mpira kama zamani. Kwa hiyo uzi huu hauhusu upasuaji. Unahusu kinachoanza mgonjwa akisharudi nyumbani.

Shangazi kaleta unga wa mlonge. Jirani kaleta mafuta ya habasoda. Mama mmoja wa jumuiya kaleta chupa ya kitu cheusi "cha kusafisha figo". Shemeji yetu anauza virutubisho vya kampuni moja ya kuunganisha watu, naye ana kopo lake la kuimarisha kinga, na ndugu tunapewa punguzo. Wote wana nia njema. Shemeji sina uhakika sana.

Sasa nieleze kwa nini naandika. Mwili unajua cha kwake na kisicho chake. Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa vizuri ulifanyika Boston, Marekani, Desemba 1954, chini ya Dkt. Joseph Murray, na siri ya kufanikiwa ni kwamba mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana. Mwili wa mgonjwa haukuona mgeni. Sisi wengine hatuna pacha wa hivyo. Mdogo wangu anameza takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, ataendelea na dawa za aina hiyo maisha yake yote, na kazi yake ni moja: kuishusha kinga isije ikaishambulia figo yangu. Halafu mtu anakuja na kopo limeandikwa "huimarisha kinga ya mwili"! Kama kopo lile halifanyi kazi, umepoteza hela. Kama linafanya kazi, unaweza kupoteza figo.

Hilo ni la kwanza. La pili wengi hawalijui kabisa, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Takrolimasi ni dawa yenye nafasi finyu: ikiwa kidogo kwenye damu, mwili unaikataa figo, ikizidi, dawa yenyewe inaiumiza figo ile ile. Ndiyo maana siku ya kliniki mgonjwa anaambiwa asimeze kidonge cha asubuhi mpaka atolewe damu kwanza, wapime kiasi kilichobaki tangu jioni. Kinachoamua kiasi hicho ni vimeng'enya vilivyoko kwenye ini na ukuta wa utumbo, hasa kimoja kinachoitwa CYP3A4. Hicho ndicho kinachoivunja dawa. Sasa kuna vyakula na mitishamba inayokilaza, na mingine inayokiamsha.

Balungi linakilaza. Jambo hili liligunduliwa kwa bahati tu Kanada mwishoni mwa miaka ya 1980. David Bailey na wenzake walikuwa wanachunguza pombe pamoja na dawa ya presha, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, wakashangaa dawa imepanda kwenye damu kuliko ilivyotarajiwa. Na athari yake haiishi siku ile ile, kwa hiyo ule ujanja wa "nitakunywa mchana, dawa nameza usiku" hausaidii. Furungu na danzi nayo yamo kwenye kundi hilo.

Kinyume chake kuna mmea wa Ulaya, St John's wort, watu wanautumia kwa sonona. Huo unakiamsha kimeng'enya, dawa inavunjwa upesi na kiwango kinashuka. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich waliandika habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, miili yao ikaanza kuikataa mioyo ile baada ya kutumia mmea huo. Mmea huo unauzwa wazi kama dawa ya asili, wala si kwa mganga wa kificho.

Turudi kwetu. Ile chupa nyeusi mdogo wangu aliinywa, kwa heshima ya yule mama. Akaharisha. Tukasema tumbo limechafuka, litapita. Siku chache baadaye tuko mezani, kashika kikombe cha chai, kikombe kinagonga sahani, ti ti ti ti. Mikono inatetemeka kama ya mzee. Kupimwa, takrolimasi iko juu na kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayoonyesha figo inafanya kazi kiasi gani, imepanda. Daktari akatueleza kwamba kuharisha peke yake kunatosha kuipandisha dawa hiyo, kwa sababu utumbo ulioumia hauizuii tena kama kawaida. Kwa hiyo hata kama ndani ya chupa mlikuwa na shubiri tupu, kazi ilishafanyika. Walipunguza dozi, wakampa maji ya mshipa, figo ikarudi.

Ila kilichoniuma si chupa. Alipoulizwa na daktari, "Kuna dawa nyingine yoyote unatumia?", alijibu hapana. Nimekaa pembeni yake, namtazama. Hapana! Ilibidi niseme mimi.

Karibuni kwa michango, hasa waliopitia na wataalamu.

---

Kijiwe Nongwa

Nimekaa hapa na kiti changu. Uzi wa maana leo.

---

MtiMkavu

Mleta mada pole kwa yaliyomkuta mdogo wako, lakini umeandika kwa upande mmoja. Babu zetu waliishi miaka mingi kwa mizizi na majani, hakukuwa na takrolimasi. Tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya mwaka 2002. Muhimbili wenyewe wana Taasisi ya Tiba Asili pale chuoni. Kama mitishamba ni sumu, serikali inasajili sumu? Dawa za hospitali zina kemikali, zetu zimetoka ardhini. Wenye viwanda hawataki ushindani, huo ndio ukweli ambao hamtaki kuusema.

---

FigoMoja

MtiMkavu, asante kwa kuja na hoja. Sijasema mitishamba ni sumu, nimesema ina nguvu.

Na hilo la kutoka ardhini, umenirahisishia kazi. Takrolimasi imetoka ardhini. Ilipatikana kwa bakteria wa kwenye udongo wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984. Saiklosporini, dawa iliyokuwa ikitumika zaidi kabla yake, ilitoka kwa kuvu wa udongo uliochotwa Norwei. Sirolimasi, nyingine ya kundi hilo hilo, ilianzia udongo wa Rapa Nui, kile kisiwa cha sanamu kubwa za mawe. Mikofenoleti inatokana na kitu kilichopatikana kwenye ukungu wa mahindi, na Mtaliano mmoja, Gosio, alikibaini tangu miaka ya 1890. Mdogo wangu anakula udongo na ukungu asubuhi na jioni, kaka. Tofauti ni kwamba huo umepimwa kwa miligramu, na tunajua ukizidi unafanya nini.

Babu zetu hawakuwa na takrolimasi kwa sababu hawakuwa na figo ya mtu mwingine tumboni. Figo zikifa, na mtu alikufa.

---

Mfamasia Zamu ya Usiku

Niko kazini, naandika vipande vipande.

Mleta mada yuko sawa kwa sehemu kubwa. Naongeza mawili, moja la kumpa nguvu na moja la kumpa MtiMkavu haki yake.

Kwanza Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna wanawake walikwenda kliniki moja ya Brussels kupunguza unene, wakapewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Kwenye mchanganyiko, mmea uliokusudiwa ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, majina yao ya Kichina yanakaribiana. Figo zikaanza kufa. Wagonjwa waliojulikana walipita mia moja, wengi wakaishia kwenye mashine au kupandikizwa, na baadaye baadhi wakakutwa na saratani ya njia ya mkojo. Walikwenda kupunguza mwili tu. Kwa hiyo anayemletea unga usio na lebo mtu mwenye figo moja ya kupewa, ajue kwamba hata wauzaji wenye leseni wamewahi kuchanganya majani.

Pili, China. Kuna dawa ya asili inaitwa Wuzhi, inatokana na matunda ya mmea wa Schisandra. Inapandisha takrolimasi kwenye damu. Madaktari wa huko wanamwandikia mgonjwa kwa makusudi, ili dozi ya takrolimasi ipungue na gharama ishuke. Mtishamba umeingia wodini kwa mlango wa mbele, damu inapimwa, dozi inarekebishwa. Hapo hamna ugomvi kati ya asili na hospitali.

Kuhusu usajili: kusajiliwa ni jambo zuri, lakini kibali cha kuuza hakina maana kwamba dawa ile ilijaribiwa pamoja na takrolimasi. Hayo ni maswali mawili tofauti.

Na msisahau, kwenye nchi nyingi wakaguzi wamekamata "dawa za asili" za viungo na mgongo, ndani mmefichwa diklofenaki, ile dawa ya maumivu, au steroidi. Mgonjwa anasifia mzizi, kumbe anameza diklofenaki, na diklofenaki kwa figo ile ni adui.

---

Bi Mkubwa wa Tanga

Wanangu shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamjanipa.

Mimi mume wangu kapandikizwa, mtoaji ni mwanetu wa pili. Nina maswali, mtaniwia radhi ni mengi. Habasoda sisi ni sunna, Mtume (s.a.w.) kasema ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Mume wangu analamba mafuta yake kijiko kila alfajiri. Je, nimkataze sunna? Pili, achari ya birimbi haikosi kwetu. Tatu, ana somo yake anapiga hijama, anamwambia damu chafu itoke. Nne, kuna bibi anakuja kumkanda tumbo, maana analalamika linavuta. Nijibuni kwa upole.

---

Mfamasia Zamu ya Usiku

Shikamoo mama. Najibu kwa mpangilio wako.

Habasoda iliyonyunyizwa juu ya mkate sina wasiwasi nayo. Mafuta kijiko kizima kila siku ni dozi, na dozi inajadiliwa. Kuna utafiti uliofanywa kwa sungura, wakapewa habasoda pamoja na saiklosporini, na dawa ikapungua kwenye damu. Sungura si mume wako, lakini inatosha mimi kutotaka aendelee kimya kimya. Usimkataze kwa ugomvi. Mwambie abebe chupa kliniki, aseme anatumia kiasi gani, daktari aamue wapime vipi. Na tafadhali asiache ghafla leo bila kusema, maana kama ilikuwa inashusha dawa na dozi ikapandishwa kwa ajili hiyo, akiacha dawa itapanda.

Birimbi hapo nakuwa mkali. Birimbi ina asidi ya okzaliki nyingi sana. Kerala, India, waliripoti watu waliokunywa juisi yake nzito wakitaka kushusha lehemu, figo zikafeli ghafla. Ndugu yake, lile tunda ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, limewapa wagonjwa wa figo kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa, na wengine huko Brazili walifariki. Juisi ya birimbi asiiguse kabisa. Hata ile achari, mwache ale wengine.

Hijama: mtu ambaye kinga yake imeshushwa hachanjwi wembe nyumbani. Kidonda kidogo kwako ni usaha kwake. Na damu "chafu" ni figo inayoisafisha, hilo ndilo mwanao alilompa baba yake.

Kukandwa tumbo ndilo limenishtua kuliko yote. Mama, figo mpya haikai mgongoni zilipo zile za zamani. Huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja, karibu na nyonga, juujuu, ukigusa unaihisi. Yule bibi anaikanda figo ya mwanao kwa viganja. Asimamishwe leo hii. Miguu na mabega amkande tu, hayana tatizo. Na tumbo kuvuta, mpeleke aonwe, wala msingoje tarehe ya kliniki.

---

Bi Mkubwa wa Tanga

Subhanallah. Hilo la figo kuwa mbele hakuna aliyetwambia. Bibi hakanyagi tena. Kesho asubuhi tunakwenda.

---

Chepkoech Eldy

Salamu kutoka Eldoret. Hapa hospitali ya rufaa ya Moi wamekuwa wakifanya transplanti tangu 2006, na shangazi yangu ni mmoja wa waliopandikizwa. Shida yetu si mizizi sana, ni mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu. Mwambie mzee wa Kikalenjin asinywe mursik uone kama hatakuchukulia wewe ndiye mgonjwa. Daktari alimwambia maziwa yasiyochemshwa hapana, na yaliyolala kwenye kibuyu wiki nzima ndio kabisa, kwa sababu bakteria ambao sisi tunawabeba tu, yeye wanamlaza. Sasa anachemsha maziwa kwanza na kuyagandisha kwenye chombo kilichooshwa kwa maji moto, anakunywa yakiwa bado ya siku moja. Analalamika hayana moshi wa kibuyu, hayana ladha. Lakini anakunywa.

Swali: tangawizi na manjano kwa chai?

---

Mfamasia Zamu ya Usiku

Chepkoech, hata hayo ya siku moja ayataje kliniki.

Tangawizi na manjano kwa kiasi cha jikoni, kwa kawaida hayana neno. Pilau ni pilau. Shida inaanza pale mtu anaposoma kwenye simu kwamba manjano hutibu kila kitu, akaanza kula kwa vijiko. Kuna mgonjwa wa aina hiyo aliyeandikwa kwenye majarida, takrolimasi ilipanda mpaka figo ikaumia. Kumbukeni mwaka 2020, wakati wa korona, kila nyumba ilikuwa inachemsha tangawizi, limau, vitunguu saumu na pilipili kwa sufuria.

---

MtiMkavu

Nimesoma yote. Haya, la China nimelikubali na la kukanda tumbo sikulijua.

Lakini na nyie watu wa hospitali mjibu hili. Kwa nini mgonjwa anaficha? Mimi mama yangu mzazi ana kisukari, alimwambia nesi wa hospitali moja, siitaji, kwamba anakunywa majani ya mlonge. Nesi akamwita mwenzake, "Njoo umsikie huyu bibi." Wakacheka mbele ya foleni. Tangu siku ile mama anakwenda kliniki, anachukua dawa zao, anafika nyumbani anachemsha majani yake, na kwao hasemi neno. Mganga kijijini anamsikiliza saa nzima, anamuuliza habari za watoto. Daktari ana dakika tano na hajainua macho. Mwaka 2011 watu waliolala barabarani Samunge wakingoja kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo cha shilingi mia tano hawakuwa wajinga wote. Wengine walichoka kudharauliwa.

---

FigoMoja

MtiMkavu, hapa nakupa mkono. Tafiti za nchi mbalimbali kuhusu wagonjwa waliopandikizwa zinarudia hilo hilo: wengi wanatumia kitu cha pembeni, na wengi hawamwambii daktari. Wanaogopa kukaripiwa, au hawajaulizwa. Na wengine hawahesabu mlonge kama "dawa", kwa hiyo wakiulizwa "unatumia dawa gani" wanajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hawatumii nyingine.

Lakini Samunge nako kuna watu walioacha dawa zao za virusi vya Ukimwi na za kisukari wakiamini kikombe kimemaliza kazi, na wapo ambao hawakurudi. Kwa figo ya kupandikizwa, kuacha vidonge ni hatari kubwa kuliko jani lolote nililolitaja hapa. Anayeambiwa na mganga "acha za hospitali kwanza ili hii ifanye kazi" aondoke pale pale.

Sisi tulivyofanya: tulikusanya kila kitu kwenye mfuko wa sokoni, makopo, chupa, unga kwenye gazeti, tukaenda kwa mfamasia wa kliniki siku isiyo na foleni. Hakucheka. Alipanga mezani makundi matatu. La kwanza liliondoka moja kwa moja, humo kopo la kuongeza kinga, mlonge wa vijiko na chupa isiyo na jina. La pili la kusubiri, alisema figo itulie kwanza na kila kitu kiingie kimoja kimoja, damu ikipimwa kabla na baada. La tatu, endeleeni. La tatu lilikuwa dogo: chai ya mchaichai ya kawaida, mafuta ya kuchua miguu, mazoezi ya pumzi ambayo mdogo wangu alijifunza akiwa India, na maombi. Maombi alisema hayana mwingiliano na takrolimasi, akacheka yeye mwenyewe.

Shangazi tulimweleza kwa adabu. Alinuna wiki, kisha akaanza kuleta mayai ya kienyeji, ambayo tunayachemsha mpaka kiini kigande.

---

Kijiwe Nongwa

Mkuu, na madafu je? Mzee wetu anakunywa mawili kila jioni.

---

Mfamasia Zamu ya Usiku

Madafu yana potasiamu nyingi, na takrolimasi yenyewe huwa inaipandisha potasiamu. Ikizidi inagusa mapigo ya moyo. Angalia kipimo chake cha mwisho: kama potasiamu iko sawa, aulize kliniki kiasi gani kinamfaa. Kama iko juu, madafu yasubiri.

---

Chepkoech Eldy

Na wewe FigoMoja uliyetoa, unakunywa nini? Hakuna anayekuuliza.

---

FigoMoja

Kweli, hakuna anayeuliza! Sinywi dawa yoyote, kinga yangu ni ile ile, balungi nakula. Kinachonihusu ni kwenda mara moja kwa mwaka kupima presha, kreatinini na mkojo kama unapitisha protini, na kutogusa diklofenaki na ndugu zake. Mgongo ukiuma nameza parasetamoli. Unga wa "mgongo na nguvu" niliokuwa nanunua stendi nilishaachana nao tangu wakati wa vipimo vya utoaji, waliponiuliza una nini ndani na muuzaji mwenyewe akashindwa kunijibu.